Kitabu cha Mwisho Kilinikuta Edani

Mume wangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu, kule Ole, na mimi nikaingia eda bila ya kutoa chozi. Nilijua nasemwa. Jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala na njaa, aliuliza pale pale matangani kama mimi nilikuwa mke au mgeni. Ndani yangu palikuwa kimya, kama chumba kilichohamwa.

Ilikuwa miaka ile ya vyama vya siasa, watu wakigomeana hata maziko, na jirani huyo alikuwa wa chama kingine. Lakini alikuja. Hilo nampa haki yake.

Marehemu alikuwa mtu wa vitabu. Kulikuwa na kisa kirefu cha mwana wa mfalme aliyevuka milima kwenda kupigana na jini lililomeza jua la nchi yao, nacho kilitoka kitabu baada ya kitabu. Kila kipya kilipofika dukani mjini Chake, mume wangu alipanda baskeli kukifuata. Jioni tukichambua karafuu, yeye akisoma, mimi na mama yake tukisikiliza huku mikono inafanya kazi. Mama mkwe hakujua kusoma hati za skuli. Alikuwa akimkatiza mwanawe kwa suala lile lile, "Atarudi kwao huyu?" na mwanawe akimjibu, "Mama, ngoja kitabu cha mwisho."

Kitabu cha mwisho kilifika nami nimo ndani, nimekaa eda. Mwenye duka alimpa mchukuzi wa samaki wa Tumbe, kikaja kimefungwa gazeti, kinanuka dagaa. Mama mkwe alikipokea mlangoni, akaniwekea mapajani.

"N'somee, mwanangu."

"Leo, mama?"

"Leo. Mie sina wa kumngoja tena."

Nikasoma. Sauti ya kusomea niliyokuwa nayo ni ile ya chuoni, ya kusomea Kurani, basi nikasoma kwa kuvuta, bila ya kujitambua. Mwana wa mfalme alikatwa mkono, farasi wake akafa, jini likatapika jua. Yote yalinipita. Ningeweza kuwa nasoma bei ya mchele.

Siku ya pili, baada ya alasiri, yule jirani alipita nje akaisikia sauti yangu. Akavua viatu, akajitanda kanga vizuri, akaingia kwa adabu, akakaa mkekani na mikono kainua. Nilipovuta pumzi akasema, "Amin. Mwenyezi Mungu amfikishie thawabu zake."

Alidhani namsomea marehemu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa kwa mke wa jini, yule mwenye vichwa saba. Mama mkwe hata hakugeuka. "Endelea," akaniambia.

Haikufika mbali jirani akashusha mikono. Nikangoja anigombeze, eti mwenye eda na masuala ya majini wapi na wapi.

"Na huyo mke wa jini," akauliza, "kwao wapi?"

Akakaa mpaka magharibi. Kesho yake akaja tena, na pakacha lake la karafuu za kuchambua. Kusema kweli, nilimpenda kidogo jirani huyo siku ile, au nilikumbuka kwamba hivi ndivyo mtu anavyopendwa.

Tulimaliza siku ya mvua. Mwana wa mfalme alipiga hodi kwao, na mama yake, aliyekwisha kuwa kizee asiyeona, akamjua kwa kikohozi tu. Nikasoma mpaka neno la mwisho, nikakifunga.

"Karudi?" akauliza mama mkwe.

"Karudi, mama."

"Kwa mamake?"

"Kwa mamake."

Akakitupa kando kikonyo cha karafuu kilichokuwa vidoleni. Kisha akasema, bila ya hasira, "Alhamdulillahi. Wa mwenzangu karudi."

Aliyelia ni jirani, kwa sauti, kwa niaba ya nyumba nzima. Mama mkwe alinishika mkono, tukalingoja chozi langu pamoja, na halikuja.