Kidole Changu Kati ya Meno ya Mama

Harufu ya mafuta ya karafuu ilinipokea mlangoni kwa daktari wa meno, na kabla sijaketi nilikuwa nimeshamkumbuka mama. Daktari, dada mpole wa rika langu, alinichungulia mdomoni. "Unajua unasaga meno ukilala?" akaniuliza. "Yamelika, yamekuwa bapa." Nikamjibu sikujua. Lakini sauti ya kusaga meno niliijua tangu utotoni.

Tulikaa mtaa wa Kaloleni, chumba kimoja, mimi, mama na kaka yangu Barasa. Baba alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi baada ya kiwanda chao kufungwa, na miezi ikapita bila neno kutoka kwake. Kila siku mama alituambia baba yenu yuko salama, kwa sauti ile ile tulivu, nasi tukatoka kwenda kucheza. Jumapili tukirudi kanisani alikuwa akivua viatu na kujilaza na gauni lake la kwaya, na punde meno yalianza: krr, krr, kama mtu anayekanyaga kokoto.

"Mathe anamanga kitu," Barasa alininong'oneza. "Anatuficha njugu."

Niliamini kwamba mama anakula njugu kisiri. Nilikuwa na miaka saba, tena mlafi. Jumapili moja nikanyata hadi kitandani, nikapenyeza kidole kati ya midomo yake nipate angalau punje moja. Meno yakakibana. Nilipiga ukemi hadi jirani akaja kubisha hodi.

Mama aliamka ameduwaa. Akakiosha kidole kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa.

"Nekesa, mwanangu, ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Njugu."

Alicheka hadi machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Kisha akaachama ili nione mwenyewe kwamba hamna kitu. Meno yake ya mbele yalikuwa mafupi, yamelika kama ya ajuza, na mama hakuwa amefika hata miaka thelathini na mitano. Mimi niliona tu kwamba njugu hazikuwepo.

Baba alirudi mwaka huo huo, amekonda, begi lake halina kitu. Mama hakumwuliza lolote mbele yetu. Wiki kadhaa baadaye niligundua kwamba Jumapili mchana chumba kilikuwa kimya. Mama alilala anapumua taratibu, taya limelegea.

Ila meno yaliyolika hayakuota tena. Kinywa chake kilinukia mafuta ya karafuu, na chai aliisubiri hadi ipoe kabisa. Miwa alitumenyea, akatukatia vipande vidogo, na tukimgawia alisema ameshiba.

Ametutoka, huu mwaka wa tatu. Siku hizi maji baridi yakinigusa jino nasimama palepale jikoni, macho nimefumba, namwona ameketi kwenye ngazi ya mlango, mkono shavuni, akitutazama tukifyonza miwa. Nilidhani anafurahia tu kutuona tukila. Alifurahia, sina shaka. Lakini pia alikuwa akiumwa, nami sikuwahi kumwuliza.