Nilimfundisha binamu yangu usaili, akaingia na kisa changu

Nashukuru ukurasa huu kwa kukubali kulificha jina langu. Naomba pia msiitaje ofisi ninayofanyia kazi. Tuko wachache, mtu atanijua kwa maneno mawili tu.

Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka ishirini na sita, karani wa masjala katika ofisi moja wilayani Muheza. Napokea barua, naziweka kwenye mafaili, na mkubwa akiulizia faili nalitafuta. Mkataba wangu ni wa muda, unaisha mwezi huu, na nimeshaambiwa hautaongezwa. Kwetu ni Kigombe, mama yuko huko na ananitegemea, lakini tangu kidato cha kwanza nimelelewa Tanga mjini na mjomba wangu, kaka yake mama. Ada, sare, chakula, vyote vilitoka kwake, na mpaka leo naishi kwake. Ana binti mmoja ambaye tumekua kama ndugu wa tumbo moja. Ameachika, ana mtoto wa miaka mitatu, na alikuwa akijitolea katika ofisi ya kata huko Maramba.

Hivi karibuni tuliitwa sote wawili kwenye usaili wa taasisi moja hapa Tanga, nafasi za makarani wa kumbukumbu. Mtihani wa kuandika tulifaulu. Binamu yangu aliogopa sana usaili wa mdomo, nikamwambia tufanye mazoezi. Wiki nzima, baada ya sala ya Alasiri, tulikaa sebuleni kwa mjomba, mimi msaili, yeye msailiwa. Kila tukifika kwenye swali la "tueleze tatizo ulilowahi kulitatua kazini" alikwama, ndipo nikampa mfano wangu mwenyewe.

Masika iliyopita paa la masjala yetu lilivuja siku ya Jumamosi, mafaili ya viwanja yakalowa. Nilikuwa peke yangu. Nikatoa karatasi moja moja, nikazianika kwenye kamba ukumbini, kisha nikazipiga pasi ya mkaa ya kuazima, juu yake nimetandika kanga mbili. Haikupotea hata karatasi moja. Bosi aliporudi Jumatatu nikamwambia, "Tumeshughulikia, mzee," basi. Mama alinilea kwa neno moja, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi kujitembeza sikujui. Hata katika saili mbili nilizokosa huko nyuma kisa hicho sikukitaja. Binamu yangu alinicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka, wewe una pilau ndani halafu unakwenda kuomba uji kwa jirani. Safari hii kiseme." Nikamuahidi nitakisema.

Siku ya usaili yeye aliitwa asubuhi, mimi mchana. Wasaili walikuwa watatu, nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliponiuliza lile swali nikajikaza, nikaeleza kila kitu. Wakatazamana.

"Mwanangu, pasi ya mkaa na kanga mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Kisa hiki tumeshahadithiwa leo asubuhi, na aliyetuhadithia si wewe."

Mzee aliyekaa pembeni yake akacheka. "Siku hizi wanauziana majibu kama maandazi."

Yule mama hakucheka. Akaniuliza, "Kama ni wewe, karatasi zenye mihuri ulizifanyaje wino usitoke?" Jibu nilikuwa nalo. Zile sikuzipiga pasi, nilizilaza katikati ya magazeti makavu, nikawa nabadilisha magazeti kila yalipolowa. Hilo sikuwahi kumwambia binamu yangu, nalijua mimi tu. Lakini niliona wazi kuwa nikijibu, swali litakalofuata ni yule binti wa asubuhi ni nani wako. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Nisameheni." Mpaka leo sijui kama nilimhurumia ndugu yangu au niliogopa tu.

Nilimkuta nyumbani analia. "Kaka, waliponikazia macho kichwa kikawa kitupu, kikanijia kisa chako tu. Nikasema kimetokea Maramba." Mimi ndiye niliyemtia kisa hicho kichwani.

Alhamisi alipigiwa simu, amepata kazi, anaanza tarehe mosi. Siku hiyo hiyo mimi nikapata barua pepe. Wanasema nafasi moja bado iko wazi na alama zangu za kuandika ni nzuri, lakini kabla ya uamuzi nipeleke maelezo ya maandishi, kisa kile nilikipata wapi. Mwisho ni Jumatatu saa nne asubuhi. Atakayebainika kudanganya hatapewa kazi, na kama ameshapewa ataondolewa.

Jana baada ya sala ya Ijumaa mjomba aliniita barazani. Hakupandisha sauti. Sisi huitana mjomba sote wawili, mimi na yeye. "Mjomba," akasema, "mimi sikuambii useme uongo. Nakukumbusha tu kuwa mwenzio ana mtoto. Wewe ni mwanamume, riziki utaikuta mbele." Nikaitikia, "Sawa, mjomba," kama nilivyozoea kuitikia tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Binamu yangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango, niliona miguu yake. Hakutoka.

Nimeandika barua mbili. Moja inasema kisa ni changu na inaeleza habari ya magazeti. Hiyo inanipa kazi mimi na kumwondoa yeye. Nyingine inasema nilikisikia kwa watu nikakichukua. Hiyo inamlinda yeye, na jina langu linabaki la mwongo katika taasisi ile. Nimezirudia mara nyingi, hazina hata kosa moja la uandishi.

Leo asubuhi nimekuta shati langu la Jumatatu limening'inizwa mlangoni kwangu, limepigwa pasi vizuri, kola imesimama. Sikumwomba binamu yangu anipigie. Bado sijamwambia ahsante.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wakubwa shikamooni. Nishaurini kabla ya Jumatatu. Nikishalivaa shati lile, mkononi nishike barua ipi?