Ardhi Isikuyeyushe

Kule kwetu Ugiriki, kwenye milima ya Thesalia, mtu akitaka kumlaani mwenzake kwa laana iliyo mbaya kuliko zote, hamwombei kifo. Humwambia: "Ardhi isikuyeyushe." Makaburi yetu ni machache na yamebanwa na miamba, kwa hiyo maiti hukaa ardhini miaka mitatu tu. Kisha kaburi hufunguliwa mchana mbele ya ndugu, mifupa hutolewa na kuoshwa kwa divai, hutiwa katika sanduku dogo la mbao na kuwekwa katika nyumba ya mifupa nyuma ya kanisa. Mifupa ikitoka safi, ya rangi ya nta, watu hupumua. Mwili ukikutwa bado mwili, kila mmoja humtazama mwenzake.

Asimina aliyatamka maneno hayo kwa mumewe mwenyewe.

Mumewe, Zikos, alikuwa mwashi wa mawe. Alipofika miaka sabini na nne, kiharusi kilimlaza na kumfunga ulimi. Asimina alimuuguza miaka miwili na nusu. Alimgeuza, akamlisha, akamfulia. Asubuhi moja ya Februari, mashuka yakiwa yamechafuka mara ya tatu tangu alfajiri, Zikos alilipiga bakuli la supu kwa mkono wake mzima, supu ikamwagika kwenye shuka la mwisho lililokuwa kavu. Asimina akasimama juu yake akapiga kelele: "Ardhi isikuyeyushe!" Mzee akamtazama. Hakuweza kusema, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Siku tisa baadaye alikufa.

Sitamtetea. Siku hizi tumezoea kusema kwamba aliyechoka hana lawama. Uchovu unaeleza kwa nini neno lilitoka; haulirudishi kinywani. Asimina mwenyewe hakujitetea, na hapo ndipo heshima yangu kwake inapoanzia.

Shahidi alikuwa mmoja, jirani yake Garufalia, bibi aliyeosha mifupa ya wafu wa kijiji. Asubuhi ile alikuwa amefika mlangoni na sahani ya mboga za mwituni. Aliiweka sahani kizingitini akaondoka. Tangu siku hiyo Asimina aliamini kwamba kijiji kizima kinajua. Wanawake wakicheka kwenye ngazi za kanisa, alijiona yeye ndiye wanayemcheka. Aliacha kumsalimu Garufalia, na wakikutana njiani alipita kana kwamba kuna ukuta pale, si mtu.

Mwaka wa tatu ulipofika, mwaka wa kufungua kaburi, Asimina alisema goti linamsumbua. Mwaka wa nne akasema mwanawe hakupata likizo. Ukweli ni kwamba alitaka kufa kwanza, ili kitakachotoka ardhini kionwe na macho ya watu wengine. Alikaa kando ya jiko akila mkate na zeituni. Vidonge vya presha alivilimbikiza kwenye droo bila kuvimeza. Mwanawe, Stergios, dereva wa mabasi huko Ujerumani, alimpigia simu kila Jumapili.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Unachokula wewe Ijumaa Kuu."

"Mama, huku hatutanii. Kule mjini kuna nyumba nzuri ya wazee. Kuna daktari, kuna bustani..."

"Niache, mwanangu. Mimi nasubiri zamu yangu."

Mwaka wa tano Padri Kosmas alikuja mwenyewe mpaka jikoni.

"Mama Asimina, nina maiti wawili wa majira ya baridi, nimewazika wamebanwa ukutani. Mzee wako anakalia nafasi ya watu."

"Hata kwenye mkahawa alikuwa anakalia viti vya watu, Padri."

"Jumamosi," alisema padri, wala hakucheka.

Jumamosi hiyo ya Mei, saa nne asubuhi, Zisis mchimba makaburi alianza kazi. Garufalia, mwenye miaka themanini na miwili, alikaa ukingoni kwenye kiti cha plastiki, beseni na chupa ya divai miguuni pake. Wanawake kama kumi walisimama nyuma.

"Sogea huku," Garufalia alimwambia Asimina. "Ukitumbukia utamchosha Zisis mara mbili."

"Chunga mdomo wako, wewe bibi."

"Mdomo wangu nimeuchunga miaka mitano, nakushukuru."

"Mama zangu, nyamazeni kidogo," Zisis alisema kutoka shimoni. "Mzee akisikia hizi kelele atagoma kutoka."

Wanawake wakacheka. Kisha jembe likagusa ubao. Zisis akainama, akafukua kwa mikono, akaacha. Akavua kofia.

"Bado," alisema.

Kilichoonekana kwanza ni blanketi alilofungiwa siku ya kuzikwa, maua yake yakiwa mekundu kama siku Stergios alipolileta kutoka Ujerumani. Chini yake mguu ulikuwa bado mguu. Harufu ikapanda. Wanawake wakavuta vitambaa puani na kufanya ishara ya msalaba, na mmoja akasema, bila hata kunong'ona, "Huyu kuna mtu kamlaani."

Asimina akamgeukia Garufalia. Alijua kwamba sasa yatasemwa. Akashika msalaba wa kaburi la pembeni.

Garufalia akatema mate pembeni. "Kalaaniwa na kiwanda! Hamlioni hilo blanketi? Nailoni tupu. Mnamfunga mtu kama jibini, halafu mnashangaa hajaoza. Padri, soma dua yako tumfunike."

Mimi naamini sababu ni blanketi, pamoja na udongo wa mfinyanzi wa upande ule unaotunza maji. Ardhi haisikilizi ugomvi wa watu na wake zao. Lakini aliyetamka alitamka, na aliyetamkiwa alimsikia akiwa hana njia ya kujibu. Hilo halibadiliki hata udongo ungekuwa mchanga mtupu.

Blanketi likakatwa na kutolewa. Padri akaagiza kaburi lifunguliwe tena baada ya miaka miwili. Watu walipotawanyika, Asimina alimfuata Garufalia mpaka nyumbani kwake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Kwa nini hukusema?"

"Shika beseni kwanza, ndipo unihoji."

"Ulisikia siku ile."

"Nilikuwa mlangoni, sikuwa Ujerumani. Nilisikia."

"Na hukumwambia mtu? Hata mmoja?"

"Nimwambie nani? Asimina, mume wangu nilimwambia makubwa kuliko hayo, tena si mara moja, na aliyeyuka kama sukari kwenye chai. Mboga zangu ulizila lakini?"

Alikuwa amewamwagia kuku. Asimina akakaa kwenye ngazi akalia mpaka kitambaa chake kikalowa. Kwa miaka mitano alikuwa amemchukia mtu pekee aliyemsitiri.

Garufalia hakumbembeleza. Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele, nayo ikatetemeka kama ya mlevi.

"Tazama. Mwezi uliopita niliangusha taya la mtu, watoto wake wakaniona. Miaka miwili ijayo nani atamwosha mzee wako? Utamwosha wewe. Na wengine pia."

"Nina miaka sabini na saba!"

"Umri mzuri, hakuna mwanaume wa kukupotezea muda. Mimi nilianza nikiwa na sabini. Sasa nenda nyumbani ukale chakula cha binadamu."

Tangu siku hiyo Asimina alijinyima ruhusa ya kufa. Alivitoa vidonge kwenye droo akaanza kuvimeza. Alianza kupika dengu na maharage, akala mezani, si kando ya jiko. Jumapili simu ilipolia, Stergios alirudia wimbo wake.

"Mama, ile nyumba ya wazee wamesema chumba kimepatikana."

"Siwezi. Nina kazi."

"Kazi gani, umri huo?"

"Ya baba yako."

Alijifunza kwa Garufalia mpangilio wa kazi: maji kwanza, divai baadaye, mifupa midogo ya mikono juu ya kitambaa cheupe isipotee, fuvu mwisho wa yote, nalo hushikwa kwa mikono miwili. Aliosha wafu watatu wa kijiji akisimamiwa, wa nne peke yake. Kila Jumamosi alisimama penye kaburi la Zikos akaomba msamaha kwa sauti. Hakujibiwa, wala hakutegemea kujibiwa.

Wanaotaka kusikia kwamba uzee wake uligeuka kuwa raha, sina habari hiyo ya kuwapa. Goti liliharibika zaidi. Majira ya pili ya baridi nimonia ilimchukua Garufalia ndani ya siku sita, na Asimina ndiye aliyemvisha kwa mazishi, akakataa kitu chochote chenye nailoni. Baada ya hapo zilipita wiki nzima asizungumze na mtu ila kuku. Hata hivyo kila asubuhi aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu haijagusa sakafu, akasema "Asante" mara moja, kwa kuwa alikuwa amepewa siku nyingine na Mei ilikuwa imesogea. Shukrani hiyo haikuwa na tabasamu. Alijua muda ule hakuustahili, akaamua kutoupoteza.

Mei ya pili Zisis alichimba tena. Safari hii hakuvua kofia. Alianza kupandisha mifupa mmoja mmoja, safi, ya manjano, na wanawake wakapumua kwa pamoja.

"Tazameni rangi hiyo," alisema mmoja. "Alikuwa mtu mwema. Kumbe kweli ni blanketi."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Shahidi alikuwa amelala chini ya ukuta wa kusini, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza tena. Asimina angeweza kuosha, kufunga sanduku na kwenda nyumbani akiwa mjane anayeheshimiwa.

Aliosha mapaja, mbavu, mikono ile iliyojenga nusu ya nyumba za kijiji. Alilishika fuvu kwa mikono miwili, akalimiminia divai, akalibusu penye paji la uso kama ilivyo desturi. Lakini hakulitia sandukuni.

"Ni mimi niliyemlaani," alisema. "Akiwa kitandani, hana ulimi wa kunijibu. Nilimwambia ardhi isikuyeyushe. Kwa sababu ya shuka."

Zisis akaacha jembe. Hakuna aliyesema mbona unatuambia leo, wala aliyesema usijali.

Kati ya wanawake wale alikuwapo Poliksini, wa miaka sitini hivi, ambaye mumewe alikuwa hajainuka kitandani tangu Krismasi. Aliweka kiganja mdomoni. Kisha akageuka bila kumuaga mtu, akateremka njia ya mawe kuelekea kwake, mwanzoni kwa hatua za kawaida, halafu karibu mbio.

Asimina alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya ukuta. Akaliweka fuvu juu ya mifupa mingine, akafunga sanduku, akaomba maji ya kunawa.