Ngoja Injini Ipoe

Wanaosema watu wa Nairobi tunatunga, leo wanyamaze kidogo. Mama niliyemzika ni wangu, na gari lenyewe liko hapa nje, mtaani Jamhuri. Njoo ulione.

Halikuwa limemaliza hata mwaka. Tulinunua lile refu la viti saba kwa ajili ya Mama, maana figo zilimchosha na kila wiki nilimpeleka hospitali Parklands kusafishwa damu. Sasa gari jipya hivyo, mbona livuje? Maji ya rejeta yalipungua kila siku, yakiacha doa la rangi ya waridi pale ninapoegesha. Waliotuuzia wakalipima mara mbili, wakaapa halina tobo. Basi nikawa naongeza mwenyewe kila asubuhi, huku nikisonya.

Siku hiyo Mama aliamka vibaya, miguu imevimba, pumzi fupi. Tulipofika Kilimani taa nyekundu ya joto ikawaka, mvuke ukafuka kwenye boneti. Mvua ilinyesha, lakini ilikuwa mchana kweupe, niamini. Nikasimama kando, nikaita teksi kwa simu. Dereva anakubali, anaghairi. Mvua ilikuwa imefunga barabara zote. Niliogopa mpaka nikalia.

Ndipo akatokea mtu na jerikeni ya maji. Sweta yake ilikuwa kavu kabisa kwenye mvua ile, na mimi sikujiuliza. Nilichoona ni kwamba ni mdogo kwangu.

"Kijana, fungua hapo uweke maji haraka! Mamangu ni mgonjwa!"

"Ngoja injini ipoe kwanza. Ukifungua saa hii itakuchoma."

"Hatuna wakati wa kungoja!"

Mama akateremsha kioo. "Wewe! Usimwite kijana. Heshima iko wapi?" Kisha akamgeukia yule mtu. "Baba Mwende, umekawia sana."

Mwende ni dada yangu mkubwa. Baba yetu, dereva wa lori, alikufa mimi nikiwa bado tumboni. Nikadhani ugonjwa umemchanganya Mama, na Mama ni mtu wa kanisa, mambo ya mizimu hayataki hata kuyasikia. Yule mtu akaingia, akaketi kando yake kiti cha nyuma. Nikawasikia wakiongea Kikamba, halafu Mama akacheka. Ni lini mara ya mwisho alikuwa amecheka? Mimi niko nje na mwavuli, napigana na simu.

Teksi moja ikakubali. Nikafungua mlango kumwambia Mama. Alikuwa peke yake, amelaza kichwa upande alipoketi yule mtu, macho yamefumba. Mlango wa pili sikuusikia ukifunguliwa. Nilimtikisa, nikamwita, lakini Mama alikuwa ameshakwenda.

Nyumbani nilitoa ile picha moja tuliyo nayo ya Baba. Ni sweta ileile.

Gari halijavuja tena hata tone. Kila asubuhi nafungua boneti nikiomba maji yawe yamepungua, labda atakuja kuongeza. Nakuta yamejaa mpaka kwenye mstari. Inaniuma, jamani. Nimezungumza na baba yangu mara moja tu maishani, na nikamwita kijana.

Kwa hiyo wewe mwenye mgonjwa kiti cha nyuma, nisikilize. Gari likikwama na mtu akakuambia ungoje lipoe, weka simu chini, ingia ndani ukae nao. Mimi nilibaki nje.