Paa Lililogoma Nusu

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, nimekosea. Mwaka wa mafuriko cherehani ya fundi wetu ilikuwa bado imepandishwa juu ya meza, na gari la hadithi hii halikuwa limetolewa hata kwenye banda. Basi ni mwaka uliofuata, ule ambao mvua ilitusahau kabisa.

Fundi cherehani wa mtaa wetu tulimwita Kazakaza. Suruali aliyoshona yeye ilichanika popote isipokuwa kwenye mshono. Hakuweza kuona kitu kimelegea akakiacha. Hata kamba ya jirani ya kuanikia nguo angeivuta kwanza ndipo apite.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake, dogo, jekundu, lenye paa la turubai la kukunjwa nyuma. Kaka yake mkubwa alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa kulichukua Jumapili. Mama yao, ambaye macho yalikuwa yanafifia, akaomba jambo moja tu: kabla halijaondoka, azungushwe mtaani paa likiwa wazi, kama zamani.

"Turubai limeoza," kaka mtu alisema. "Mshonaji ni wewe, mdogo wangu. Usituaibishe kwa mama."

Kazakaza akashona jipya. Likakaa limenyooka, halina hata kunyanzi moja, wapita njia wakawa wanaligusa na kutikisa vichwa. Balaa likaja Jumamosi asubuhi, lilipotakiwa kushuka. Lilifika nusu likagoma, likabaki hewani kama mkono wa mwanafunzi mwenye swali.

Akatia oili kwenye bawaba. Likagoma. Akalipandisha, akalishusha tena, likambana kidole, akasema neno ambalo sitaliandika.

"Vuta basi!" Kazakaza alimfokea kaka yake.

"Si navuta?"

"Huko ndiko kuvuta? Unalibembeleza!"

"We mtoto, angalia mdomo wako. Mimi ndiye nimelishona?"

Mama alikuwa kibarazani, amevaa gauni lake zuri tangu asubuhi, mkoba mapajani. "Tayari, wanangu?"

"Bado kidogo, mama."

"Baba yenu alikuwa analishusha kwa mkono mmoja. Wa pili kashika kikombe cha chai."

Kazakaza akauma meno. Jasho lilimwingia machoni, shati limemganda mgongoni, na hicho kikombe cha chai kikamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Mara hii moja tu alitaka kumfanyia mama yake kitu kikatimia, naye kaka yake awe shahidi.

Mkewe alitoka kuwaletea maji, akaona takataka za paa la zamani chini ya meza. Akaokota kipande cha mkanda, akakivuta. Kikarefuka, kikarudi.

"Baba watoto, hii si mpira?"

"Ndiyo. Mikanda ya ndani, ya kuunganisha mbavu za chuma. Imelegea yote. Nimeitupa, nikaweka ya begi, migumu, nikaikaza."

"Ukaikaza ya nini?"

"Mbavu zisichezecheze."

"Na zisipocheza zitajikunjaje? Umelishonea gari suruali ya kusimama tu! Ulilipima limekaa?"

Kaka mtu alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Kazakaza hakucheka. Alichukua wembe, akaingia chini ya turubai, akaanza kufumua mshono wake mwenyewe. Nao, kwa kuwa ulikuwa wake, ukakataa. Wembe ukavunjika, na wa pili ukavunjika. Huko ndani alisikika akigombana na uzi kama mtu aliyeomba mkopo akanyimwa.

Alipomaliza kufumua, akatia mpira wa kiunoni, ule wa sketi za shule, ameukunja mara mbili. Akauacha umelegea makusudi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemeza kwinini. Kisha akasukuma kwa mkono mmoja. Paa likashuka, likalala nyuma kimya.

"Mama," aliita, "njoo."

Wakamkalisha mbele, kaka akashika usukani, Kazakaza akajibana nyuma. Nilikuwa kwenye kona ya kinyozi, niliwaona wakija. Mama amevua kitambaa, nywele nyeupe zinapepea, uso kauinua juu. Wakafika mbele yangu, akanyanyua mkono.

"Simamisha. Fungeni paa, wanangu. Inatosha."

Hawakuwa wamemaliza hata mtaa mmoja. Kazakaza alishuka akalifunga, wakageuza wakarudi. Kesho yake mnunuzi akalichukua.

Kaka mtu nilimuuliza kwa nini mama alikatisha safari. Akasema, "Kamuulize mdogo wangu." Siku Kazakaza ananipima koti nikamuuliza na yeye, lakini alikuwa na pini mdomoni, na zilipokwisha akaweka nyingine. Mama mwenyewe nilimwonea haya, mpaka tukamzika. Hivi alikipata alichokuwa anakitafuta, au ni jua tu lilimchoma?