Manyoya ya Shingo ya Jogoo

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa Morogoro mjini, kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kilipunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Nilirudi nyumbani na vidole vinavyojua uzi, basi.

Jirani akanipeleka kwa mzungu wa mradi wa maji, bwana mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Alitaka nimfungie manyoya kwenye ndoana kwa uzi, mpaka yafanane na kisamaki. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Mto Kilombero kumtafuta samaki mmoja mkubwa anayekula wenzake, mwenye meno yanayotokeza nje hata akifumba mdomo. Chambo cha minyoo hakutaka hata kukisikia. Nilimwona ana kichaa kidogo, lakini alikuwa analipa, kwa hiyo sikucheka mbele yake.

Manyoya ya kuku wa sokoni hayakumridhisha. Alitaka ya shingo ya jogoo, marefu, mekundu ya kung'aa, yenye ncha nyeusi. Nikamwambia najua yalipo. Nilisema haraka mno.

Yalikuwa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, juu milimani upande wa Kinole. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba wangu, pamoja na swala zake tano, makaburi ya wazee hakuyatupa. Jogoo yule alikuwa wa tambiko. Tena tambiko lenyewe lilikuwa langu. Aliposikia nimepunguzwa kazi alimtenga jogoo, akasema tutakwenda naye kaburini kwa bibi kuniombea riziki. Jogoo wa namna hiyo lazima awe mzima, asiwe na kasoro hata ya ukucha.

Yote haya niliyajua. Sina utetezi.

Nilipanda mlima siku ya Ijumaa, mjomba akiwa msikitini. Nilimbana jogoo katikati ya magoti, nikamfunika kichwa kwa kanga, nikaanza kunyofoa. Nilikusudia machache ya nyuma, yasiyoonekana. Lakini kila nililong'oa lilikuwa zuri kuliko lililotangulia, na mkono ukanogewa. Nilipomwachia, shingo ilikuwa ngozi tupu, na alikimbia akigonga kuta za banda. Mjomba aliporudi nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanifungia ndizi za kwenda nazo mjini. Manyoya yalikuwa kwenye pindo la kanga yangu, nimeyapiga fundo.

Jumapili, siku ya tambiko, nilipanda tena; ndugu walikusanyika kwa mjomba, pombe imeshaiva. Mjomba akasimama akasema tambiko limeahirishwa.

"Kicheche kamparua jogoo. Kosa langu, banda sikulifunga vizuri."

Walimsema waziwazi. Mdogo wake akadiriki kusema uzee umemwingia, heshima ya wazee aachiwe mwingine. Mjomba aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa mkekani pale pale, nikasema "pole, mjomba" pamoja na wenzangu. Hadi leo nikiikumbuka sauti yangu ile natamani kujificha.

Mwezi huo mzungu akanichukua nikaone kazi ya mikono yangu. Alisimama majini mpaka magotini, akiurusha mshipi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayemchapa ng'ombe asiyekuwepo. Chambo changu kilitua kwa upole karibu na ukingo. Alipokivuta mara ya tatu maji yalipasuka, samaki akaruka mzima mzima, amekaza meno juu ya manyoya ya jogoo wa mjomba wangu. Nilipiga kelele ya furaha. Hata hilo nalionea aibu.

Alipomfikisha ukingoni nilimwomba anipe. Nilitaka kumkausha nimpelekee mjomba, nikidhani zawadi ingenisafisha. Mzungu alicheka, akachomoa ndoana kwa koleo, akamshika samaki majini mpaka alipopata nguvu, akamwachia aende zake. Manyoya yalikuwa yamechanwachanwa. Akayatupa.

Miezi ikapita, jogoo mwingine akakua, tambiko langu likafanyika. Tulipomaliza kula mjomba aliniita nyuma ya nyumba, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na manyoya ya shingo, ameyaosha, ameyapanga kwa urefu.

"Nasikia ndiyo kazi yako siku hizi," akasema. "Haya nimeyatoa jogoo ameshakufa. Yule wa kwanza ulimwonea, mwanangu. Kicheche hang'oi moja moja."

Kumbe alijua tangu siku ile aliyosimama akatukanwa mbele ya ndugu zake. Uso ulinishuka. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Jumatatu niliyafunga kwenye ndoana. Yule bwana aliyageuzageuza dirishani, akasema hajapata kuona manyoya mazuri kama yale, akauliza kama naweza kumpatia mengine.