Miguu Minane ya Mtuhumiwa

Watu wa kusalimiana nao pale Nateete, Sajini mstaafu Okwera alikuwa nao tele. Wa kuzungumza naye Kiswahili alikuwa mmoja tu: Marie-Jeanne, msusi wa nywele kutoka Kongo, mpangaji wa chumba chake cha uani. Miaka thelathini ya upolisi mzee alikula Kiswahili, akalala nacho, hata marehemu mkewe alimtongoza nacho. Majirani walimjibu kwa Kiganda. Marie-Jeanne ndiye aliyemcheka na kubishana naye kila jioni, hasa juu ya sombe yake, kisamvu cha Kikongo, isiyo na chumvi.

Basi asubuhi moja mama wa watu akatoka na shuka begani, anahama. Ukutani, akasema, kuna buibui mkubwa, tena anaruka, na yeye na buibui hawalali chumba kimoja.

Jamani, mzee angebishana na nani jioni? Lakini askari ni askari. Akasema hahukumiwi mtu bila ushahidi, akafungua daftari, akaandika jina la mlalamikaji na ombi lake: kuhama. Angeweza kumponda mdudu kwa kandambili, ila buibui aliyekufa ni buibui vilevile, na mama angeuliza wenzake wako wapi. Akamwinda kwa glasi. Mara mbili akamkosa, ya tatu akamfunika.

Mlalamikaji akahesabu miguu akiwa mlangoni. Minane. Kesi imekwisha.

"Sogea, mama," Okwera akasema. "Hiyo miwili ya mbele imekanyaga nini?"

Akasogea shingo upande. Mwenye macho haambiwi tazama: haikukanyaga kitu, zilikuwa sharubu ndefu zikipapasa glasi. Miguu ilikuwa sita, ya nyuma imekunjwa ya kurukia. Nyenje huyo, mzee akatamka, yule mwenye kibyongo apendaye giza. Kwenye ghala la mahema kambini walijaa.

Marie-Jeanne si wa kudanganywa. Akauliza ni nyenje gani asiyelia.

"Hana mabawa. Atalia na nini?"

Mzee akaenda kumwachia mdudu migombani, bila haraka, maana aliogopa atakachokikuta akirudi. Alimkuta Marie-Jeanne ameinamia daftari, kidole kwenye neno la mwisho.

"Papa, hapa. Futa hapa."

Katika utumishi wake wote Okwera hakuwahi kufuta maelezo ya mlalamikaji. Alilifuta lile neno mara tatu, hadi kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akakohoa, akauliza kwa sauti ya kituoni kama sombe ya leo itatiwa chumvi.